Historia ya Baba Yetu, Mpiga Deki wa Melini na Wodini

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka kazini, nimetumwa na familia kumsemea mtu ambaye hakupenda kusemewa.

Baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1950, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne wa fundi viatu, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1968 akaajiriwa melini kuosha deki, kazi aliyoifanya kwa miaka minane.

Tarehe 2 Agosti 1976 alianza usafi hospitalini, na siku hiyo hiyo akamwaga ndoo sita za maji wodini, kama alivyozoea melini, ambako maji hutoka kwa matundu ya pembeni, lakini wodi haina matundu, kandambili za wagonjwa zikaelea hadi mlangoni, mgonjwa mmoja akauliza safari ni ya wapi, na muuguzi wa zamu, ambaye ndiye mama yetu, akavua viatu akamsaidia kukausha.

Walipotaka kuoana, babu mzaa mama, mwalimu wa Kiingereza, alikataa, akasema hakumsomesha binti yake ili aolewe na mpiga deki. Baba hakubishana, aliomba tu ruhusa ya kulieleza neno deki kama alivyoelezwa na afisa mmoja wa meli, kwamba lilianza kwa Waholanzi likiwa na maana ya kifuniko au paa, Waingereza wakalichukua wakaiita hivyo sakafu ya juu ya meli, kwa kuwa inawafunika walio chini, kisha mabaharia wakashuka nalo nchi kavu, na leo hata asiyewahi kuiona bahari, akiosha sakafu yake, anapiga deki. Babu alifungua kamusi yake nene, akasoma, akaifunga.

"Miaka ishirini na tano nafundisha lugha hii," akasema, "na leo mpiga deki amenifundisha. Njoo na wazee wako."

Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978, Mungu akawajalia watoto watatu.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2019, akalazwa katika wodi aliyoisafisha hadi alipostaafu, na Mwenyezi Mungu akamchukua tarehe 11 Januari 2020, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Katika shukrani, karatasi yangu ilianza na madaktari, kama ilivyo desturi, lakini asubuhi hii babu, mwenye miaka tisini na mmoja, ameichukua na kuipanga upya kwa kalamu yake, nami natii: kwanza wapiga deki wa hospitali, mliokuja na sare zenu, tunaomba msimame watu wawaone, kisha madaktari, wauguzi na majirani wote.

Pumzika, baba, kwa amani ya Mungu.