Ndege ya Ulimboka

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa duka la Gulamrasul, njia ya kwenda Chimwaga: benchi mbili, birika la kahawa, na upepo wa Dodoma unaotutilia vumbi vikombeni. Hapo ndipo Ulimboka, fundi redio, alipohangaika kuunda ndege yake ndogo ya rimoti mwaka mzima, sote tukimtazama. Aliichonga kwa kisu kutoka kwenye lile povu jeupe linalokinga friji maboksini. Ya kwanza iliyeyushwa na gundi. Ya pili mkia ulikuwa mzito. Ikainua pua, ikasita, ikaanguka. Ya tatu akasogeza betri mbele, akafunga pangaboi dogo nyuma ya mabawa. Akaipeleka kijijini Haneti. Ikazunguka juu ya mashamba dakika nne, umbo kama ndege ya kivita, ikiitii rimoti, kisha ikatua kwenye mabua ya mtama.

Bosi wa ofisi moja alisikia habari zake. Akamwomba aiache kwake, pamoja na michoro, iende kwenye maonyesho. Ulimboka akaiacha. Jumatatu alikwenda kwenye maonyesho kuitazama, akaikuta ndani ya kioo, kibao kina jina la mtu mwingine. Aliposema ni yake, mlinzi alimshika mkono akamtoa nje. Tangu siku hiyo hajaja kijiweni.

Jana jioni tulikuwa tunamjadili. Raphael, tunayemwita Faili kwa kuwa ni karani, alisema kosa ni la Ulimboka mwenyewe.

— Angeigonga muhuri kwenye bawa. Kitu kisicho na muhuri hakina baba.

Batholomeo, dereva mstaafu, jina lake la kijiweni Spika, akampinga.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bosi kamponya yule. Kurusha ndege makao makuu ya nchi, si angefungwa?

Gulamrasul naye akadai michoro imeshauzwa ng'ambo. Kwa maelezo yake, ndege itarudi kubwa, imejaa abiria, nasi tutaambiwa tukate tiketi.

Tulikuwa tunacheka alipofika Paulina, mke wa Ulimboka. Hakuwa amewahi kukanyaga kijiweni. Alitusalimu shikamooni, akafungua karatasi. Alisema mumewe hali chakula vizuri, hasemi, analala ameelekea ukutani. Malalamiko yake ya kuporwa ndege yatapokelewa wakipatikana mashahidi wawili waliomwona akiitengeneza.

— Nani kati yenu ataandika jina lake hapa?

Faili akashika simu yake. Gulamrasul akaingia dukani, ingawa hapakuwa na mteja. Spika akainamisha birika, halikutoa kitu.

Mimi ndiye niliyemshikia bawa la kushoto, nimekaa kwenye benchi hiyo hiyo, mpaka gundi ikakauka. Nikamwambia Paulina sina kalamu.

Alifungua mkoba, akatoa kalamu, akaninyooshea, akangoja.