Seneta Thora Bakkegard na Kura Aliyoizuia

Familia imenikabidhi mimi, Ragna Lindaas, binti wa kaka wa marehemu, kazi ya kuusoma wasifu huu. Marehemu mwenyewe aliacha maagizo mawili: wasifu usiwe mrefu hadi kahawa iliyoko chini ipoe, na asisingiziwe utakatifu. Tutajitahidi kuyatimiza yote mawili.

Thora Margrethe Bakkegard, wa ukoo wa Lindaas, alizaliwa Jumamosi tarehe 11 Februari 1939 katika shamba la wazazi wake, maili sita kaskazini mwa Vangstad, Dakota Kaskazini. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Nils na Gudrun Lindaas. Theluji ilikuwa imeziba barabara, na mkunga alipofika alimkuta mtoto ameshazaliwa, amefungwa blanketi, anapiga kelele. Baba yake alikuwa akisema huyo ndiye Lindaas wa kwanza kufika mahali kabla ya wakati. Alibatizwa katika kanisa hili mwezi Aprili mwaka huo, barabara zilipofunguka.

Alianza masomo katika shule ya chumba kimoja karibu na shamba, akamaliza sekondari hapa Vangstad mwaka 1957, na kupata shahada ya historia mwaka 1961 katika chuo kimoja kule Moorhead. Alipokuwa chuoni alikuwa katika timu ya mdahalo. Mwaka wake wa mwisho alipangiwa upande asiouamini hata kidogo, akautetea, akashinda. Alipokea kikombe, akawashukuru waamuzi, kisha akawaambia kwamba wamekosea. Kikombe hicho kiko juu ya meza pale mlangoni, kimejaa peremende. Watoto wamekwishakiona.

Tarehe 16 Juni 1962 alifunga ndoa na Arvid Bakkegard, msimamizi wa ghala la nafaka. Arvid alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila alikuwa wa chama kile kingine. Kila uchaguzi bango la mume lilisimama upande wa kulia wa njia ya kuingilia nyumbani, na la mke upande wa kushoto. Mchukua barua alilalamika kwamba hajui amwamkie nani kwanza.

Mwaka 1964, wiki ya uchaguzi, Arvid aliteleza kwenye ngazi ya ghala akavunjika mguu. Asubuhi ya kupiga kura alimwona mkewe anavaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kupiga kura, mume wangu. Kwani wewe umesahau ni leo?"

"Na mimi niliyelala hapa na plasta mpaka kiunoni? Siku zote kura yako inafuta yangu na yangu inafuta yako. Leo unakwenda kupiga ya bure."

"Ungeanguka baada ya uchaguzi basi."

"Siku ya kuanguka niliichagua mimi, Thora?"

Alisimama mlangoni na koti lake, akafikiri, akalivua. Siku hiyo alishinda jikoni akipika chapati za viazi. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba ile: mmoja akishindwa kwenda, mwenzake habanduki. Miaka ishirini na miwili baadaye alipofika Washington akakuta maseneta nao wana desturi hiyo hiyo, wakiiita jozi, alisema, "Hii naijua, nimeolewa nayo."

Alifundisha historia katika sekondari yetu kuanzia 1961 hadi 1972. Baadaye alikaa katika bunge la jimbo, na mwezi Novemba 1986 alichaguliwa kuwa seneta. Mengi aliyoyafanya kwa wakulima wa ngano yameandikwa kwingine. Hapa lazima tuseme juu ya kura moja, kwa sababu wengi waliomo humu ndani waliacha kumwamkia kwa ajili yake, na haifai kuwazika watu kwa kuruka ukurasa.

Msimu wa vuli wa mwaka 1997, Rais, aliyekuwa wa chama cha marehemu, alimteua Jaji Sigvald Rustad kwenda Mahakama ya Juu ya nchi. Sigvald ni mtoto wa Vangstad. Mama yake, Borghild Rustad, aliimba sauti ya kwanza katika kwaya hii, kiti cha pili kutoka kwa marehemu. Jimbo letu halikuwahi kutoa jaji wa mahakama hiyo. Mwoka mikate alioka keki yenye umbo la nyundo ya jaji, na Mama Borghild alikwishanunua kofia ya kwenda kumwona mwanawe akiapishwa.

Kilichomponza Sigvald ni hukumu moja. Alikuwa ameamua kwamba kampuni ya mafuta haiwezi kupitisha bomba katika shamba la mtu bila ridhaa yake. Wakulima walimpenda; majimbo ya mafuta yalimchukia. Vyama vikagawanyika, na wapinzani wakawa wanazidi kwa kura moja tu. Mkali wao alikuwa Seneta Clement Fontenot wa Louisiana, ambaye alikaa karibu na marehemu katika Kamati ya Kilimo, na alikuwa rafiki yake mkubwa.

"Huyu jaji wenu, dada yangu, anadhani mafuta yanachotwa dukani," alisema Seneta Fontenot mbele ya kamera zote.

"Na wewe, ndugu yangu, unadhani ngano inaota ndani ya mfuko wa karatasi," alijibu marehemu. "Muulize mwenye shamba kama anataka bomba. Akikataa, amekataa. Hiyo nayo inahitaji siku nne za kubishana?"

"Nchi nzima isubiri mzee mmoja wa Dakota akubali?"

"Ndiyo. Isubiri. Ni shamba lake."

Walibishana hivyo mchana, na jioni walikula pamoja. Siku mbili kabla ya kura, marehemu aliwaalika maseneta wa vyama vyote wale lutefisk, yule samaki wetu mkavu anayelowekwa kwenye magadi mpaka alainike kama jeli. Alikuwa akifanya hivyo kila Novemba, na wengi walikuwa na dharura kila Novemba. Seneta Fontenot alijisifu kwamba mtu aliyekulia kwenye vinamasi vya Louisiana hakuna kinachomshinda mezani. Alikula sahani tatu, na kila sahani aliimwagia siagi iliyoyeyushwa. Asubuhi yake alibebwa hospitali akijikunja.

Marehemu alifika hospitali akiwa ameshika maua na uso wa mtu aliyeua. Alimkuta Seneta Fontenot amekaa ukingoni mwa kitanda, anatafuta viatu, na daktari amesimama mbele ya mlango. Haikuwa samaki. Kilikuwa kibofu cha nyongo, kilichokwisha kuvimba vibaya, na kilitakiwa kutolewa siku hiyo hiyo.

"Natoka," alisema Seneta Fontenot. "Nisipokuwepo kesho ni sare, na Makamu wa Rais atakipigia kura chama chenu. Nikishapiga kura yangu nitarudi wanipasue watakavyo."

"Akitoka, kinaweza kupasuka," alisema daktari.

"Lala chini, Clement."

"Silali. Umenilisha gundi ili unishinde, halafu unaniambia nilale?"

"Lala! Nafunga jozi na wewe. Wewe hutakuwepo, mimi sitapiga. Umesikia?"

Seneta Fontenot alimtazama. Alijua jaji yule ni wa nyumbani kwa marehemu, na alijua Mama Borghild anaimba karibu naye.

"Thora, watu wako watakumaliza."

"Hayo ni ya kwangu. Vua hivyo viatu."

Akavivua. Hawakuandika chochote, na hawakuwa na shahidi ila daktari, aliyekuwa akifikiria nyongo.

Alhamisi tarehe 6 Novemba 1997, kabla ya kura, mnadhimu wa chama chake alimvuta pembeni ya ukumbi.

"Mama, Fontenot yuko usingizini. Hajui leo ni siku gani. Wewe sema ndiyo, tumpate jaji, kesho umpelekee maua."

"Maua nimeshapeleka."

"Ni mtu wa kijijini kwako! Kwa umri wake anaweza kukaa mahakamani miaka thelathini. Utayatupa yote hayo kwa sababu ya maneno ya kitandani hospitali?"

"Kama angekuwa macho ungeniambia nini?"

Mnadhimu alitazama saa yake.

"Basi nami nitafanya kama yuko macho," alisema marehemu.

Jina lake lilipoitwa alisimama. Alisema hivi, na maneno yenyewe yamo katika kumbukumbu za Seneti: "Nimefunga jozi na Seneta wa Louisiana, Bwana Fontenot. Angekuwepo, angesema hapana. Mimi ningekuwa huru, ningesema ndiyo, na ningesema kwa furaha kubwa. Naizuia kura yangu." Jaji Sigvald Rustad alishindwa kwa kura moja.

Wapo waliosema kwamba ahadi ile ilikuwa ndogo na Mahakama ya Juu ni kubwa. Familia hii haikukubaliana nao wakati ule na haikubaliani nao leo. Mtu akishapata ruhusa ya kuvunja neno kila jambo linapokuwa kubwa, hana neno tena; ana mapendeleo tu. Wengi wetu tunawafundisha watoto hivyo, halafu mtu akitenda tulichofundisha tunamwita msaliti.

Na aliitwa hivyo. Aliporudi Vangstad wiki ile aliitisha mkutano katika ukumbi wa chini wa kanisa hili, akasimama peke yake.

"Tulikutuma ukapige kura, si ukauguze wagonjwa!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Ulimuuza Sigvald kwa sahani ya samaki!"

"Sahani tatu," marehemu alisahihisha. "Na sikumuuza. Nilitoa neno langu. Mnataka seneta ambaye neno lake linakwisha mtu akifumba macho? Mwakani mnayo nafasi ya kumchagua."

Na kweli walimchagua. Mwezi Juni 1998 marehemu alishindwa katika mchujo wa chama chake. Kilichomuuma zaidi si hicho. Jumapili moja baada ya ibada, Mama Borghild alipita na birika akimimina kahawa, akafika kwenye kikombe cha marehemu, akakiruka. Aliendelea kukiruka mwaka mzima. Marehemu hakubadilisha kiti wala kikombe. Kila Jumapili alikiweka pale pale, akamwambia, "Asante, Borghild," na kwenda kujimiminia mwenyewe. Arvid, ambaye chama chake ndicho kilichofaidika, alijitolea kumletea kahawa. Alikataliwa.

Jaji Sigvald alikuja nyumbani Novemba iliyofuata, siku ya karamu ya samaki ya kanisa. Alipanga foleni kama watu wote, na aliyekuwa akigawa samaki alikuwa marehemu. Ukumbi mzima uliacha kutafuna.

"Shangazi Thora," alisema, "nikuulize jambo moja. Kweli ungenipigia kura?"

"Kwa mikono yote miwili, mwanangu."

"Mimi mwaka mzima nimekaa mahakamani nasikiliza watu waliovunja mikataba. Kila mmoja ana sababu nzuri. Nzuri kweli. Nimewahukumu wote walipe." Akanyoosha sahani yake. "Nitawatazamaje machoni kama nilitaka wewe uvunje wako kwa ajili yangu? Niwekee samaki. Siagi kidogo."

Mama Borghild alikuwa nyuma ya mwanawe, na birika mkononi. Alizunguka meza, akatafuta kikombe cha marehemu, akakijaza mpaka kikafurika kwenye kisahani. Marehemu alikunywa yote, na ya kwenye kisahani pia. Wawili hao waliimba pamoja tena mpaka Mama Borghild alipofariki mwaka 2009, na marehemu ndiye aliyesoma wasifu wake hapa. Kofia ile ya kuapishwa aliachiwa yeye. Ndiyo aliyovikwa leo.

Arvid alitangulia tarehe 2 Machi 2011. Marehemu alimlilia sana, na uchaguzi uliofuata aliweka mabango yote mawili, kulia na kushoto, kama kawaida.

Mwaka 2020 moyo wake ulianza kudhoofika. Alilazwa mara ya mwisho mwezi Septemba mwaka huu. Seneta Fontenot, ambaye sasa ana miaka themanini na minne na hana kibofu cha nyongo, alimpigia simu kutoka Louisiana, na sisi tuliokuwepo tulisikia, kwa sababu wote wawili walikuwa wagumu wa masikio na walipiga kelele.

"Clement, kura ya Novemba hii nitaikosa."

"Basi na mimi nakosa. Tumefunga jozi."

"Acha ujinga, mzee. Wewe uko Louisiana. Kura yako haifuti yangu."

"Nimekuuliza hesabu, mimi?"

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama mashine. Alifariki Jumapili tarehe 9 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, kengele za kanisa zikilia. Alikuwa na miaka themanini na mitatu.

Familia inaamini kwamba kupiga kura ni wajibu wa kila raia, na hatuwashauri wengine kuiga yatakayofuata. Marehemu ameacha watoto wawili, Karsten na Solveig, wajukuu watano, dada yake mdogo Inga, Jaji Sigvald Rustad, atakayepiga kodiani wakati wa kwenda makaburini, na jozi yake, Seneta Clement Fontenot, aliyeketi safu ya pili, ambaye mwezi ujao atabaki nyumbani.

Samaki watakuwa chini baada ya maziko. Seneta Fontenot ameandaliwa mkate wa nyama.

Shangazi Thora, lala sasa. Neno lako tumelitunza.