Jino Lirudi Kabla Hajajua

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kuchonga funguo, na sheria yake ni moja tu: asiye na kahawa kikombeni hana sauti. Ukimaliza unanyamaza mpaka uongezewe. Ndiyo maana watu wenye maneno mengi hapa hunywa kahawa iliyopoa, tone kwa tone, kama kuku. Anayesimamia sheria ni Mjomba, muuza kahawa, ambaye hachangii hoja yoyote, kazi yake kutazama vikombe. Asubuhi hiyo wazungumzaji tulikuwa wanne. Mimi. Chuma, anayechomelea mageti na madirisha ng'ambo ya barabara. Daktari wa Geti, ambaye ni mlinzi tu wa hospitali, lakini kwa kuwa kila daktari humpitia yeye akiingia na kutoka, amejihesabu humo humo. Na Sofa, fundi wa makochi, aliyekuja ameshika shavu na kukaa pembeni kabisa mwa benchi, mahali pa mtu mwenye jambo.

— Mchana huu narudi kwa daktari wa meno, Sofa alisema. Anataka jibu.

— Jibu la nini? Gego si alishaling'oa? Chuma aliuliza.

— Alishaling'oa. La chini, upande wa kulia. Sasa anataka kujua kama naweka jingine au naacha pengo. Kasema naweza kuweka la bandia la kuvaa na kuvua. Naweza kutiwa daraja, linashikilia meno ya huku na huku. Au nipigiliwe skrubu kwenye taya, jino likae juu ya skrubu. Kasema nisikawie, jino la jirani limeshaanza kuinamia pengo.

Ungemwona Daktari wa Geti alivyojiweka sawa. Alikohoa, akavuta suruali magotini, akaonja kahawa yake kwa ncha ya ulimi ili isipungue.

— Hapo huyo mwenzangu kakwambia kweli, alisema. Lakini kakuficha. Jirani akishainama, jirani wa jirani naye anafuata. Yanahama moja moja. Nimeona kwa macho yangu mtu kaingia getini na meno ya mbele, karudi baada ya miaka meno ya mbele yako nyuma.

— Na mbele kukabaki nini? niliuliza.

— Mdomo.

Chuma alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kidole. Akaramba kidole, maana hiyo nayo ni kahawa.

— Msimtishe bure, alisema. Hili suala la ufundi, si la udaktari. Taya ni kama geti. Geti lina bawaba. Ukitoa skrubu moja ya nyuma, leo halitaanguka, kesho halitaanguka, ila litaanza kukwaruza chini. Sofa, wewe taya yako inakwaruza?

— Haikwaruzi.

— Itakwaruza. Halafu kichwa kitapinda. Fundi mmoja wa nguo aling'olewa gego la kulia, tangu siku hiyo kila suruali anayoshona mguu wa kulia mrefu. Hajui kwa nini. Wateja wake nao hawajui, wanatembea tu.

— Mimi nashona makochi, Sofa alisema kwa unyonge.

— Basi watu watakaa upande.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu Sofa, maana msomaji asije akadhani ni mtu wa kulialia. Sofa anafanya kazi kwa mdomo. Misumari midogo ya kupigilia kitambaa anaihifadhi kati ya midomo, anaitoa mmoja mmoja bila kutazama, na ule uzi mnene wa makochi anaukata kwa gego. Mkasi anao, lakini anasema mkasi unamchelewesha. Kwa hiyo nilidhani anachohofia ni kazi, na kwa kuwa nami ni fundi, nikajiona nina neno la kumfaa.

— Sikiliza, nilimwambia. Kila siku naletewa funguo zilizokatika jino. Nusu yake bado zinafungua mlango, ilimradi kitasa kimechoka. Na wewe si kijana. Kitasa chako kimechoka. Acha pengo, kata uzi kwa mkasi, maisha yaendelee.

— Na nusu ya pili? Chuma aliuliza.

— Zinafungua milango ya watu.

Mzaha wangu haukufika. Sofa alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akaweka kikombe chake juu ya goti. Kilikuwa kimejaa. Hanywi kitu cha moto siku hizi, kwa hiyo katika sisi sote yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema asubuhi nzima, na ndiye aliyekuwa kasema kidogo kuliko wote.

— Tatizo si uzi, alisema. Tatizo liko nyumbani. Mke wangu hajui.

— Hajui nini?

— Hajui kama niling'oa.

Hata Mjomba aliinua macho kutoka kwenye vikombe.

— Unalala na mtu nyumba moja, hajui kama una jino au huna? Daktari wa Geti aliuliza.

— Ni la nyuma. Halionekani. Na nimeacha kucheka mdomo wazi.

Ikabidi atueleze yote. Jino hilo lilianza kwa tundu dogo, na mkewe alimwambia akalizibe. Akamjibu kwamba yeye ni mwanamume, hawezi kusumbuliwa na tundu. Akamwambia tena, akamjibu vile vile. Likaja kuoza hadi mzizi, akaenda kuling'oa kimyakimya akisema amekwenda kununua sponji. Tangu hapo anatafuna upande mmoja, polepole, na nyama anairudisha jikoni kama ilivyotoka. Akiulizwa anasema ameshiba.

— Sasa mke wangu anadhani nakula kwingine, alisema. Hajatamka, ila naona. Amekuwa mpole. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuwa mpole hivi. Ananipakulia, anakaa, ananitazama nisivyokula, halafu anasema haya. Hilo neno haya linanimaliza. Ndiyo maana nataka mnishauri. Nikiweka jino la bandia, nitakula kama zamani, na yeye hatajua kitu. Nataka jino lirudi kabla hajajua liliondoka.

— Kwa nini usimwambie tu? niliuliza.

— Alishaniambia nizibe. Nikimwambia limeng'olewa, nitaambiwa "nilikwambia" mpaka siku ya kuzikwa.

Kwa mtu mwingine hapo ushauri ungekuwa rahisi. Lakini hapa ni kijiweni, na kitu rahisi hapa hakina wateja.

— Basi ni daraja, Chuma alisema. La kuvaa na kuvua atalikuta kwenye glasi ya maji, utamweleza nini? Daraja halitoki. Tena huyo daktari wako usimsumbue. Mimi ninayo gololi ya chuma cha pua, ya beringi ya gurudumu, haijapata kutu tangu niijue. Naipasua nusu, naikunjia waya huku na huku, unatafuna hadi mifupa.

— Utamchomelea mdomoni? Daktari wa Geti aliuliza.

— Nitachomelea nje, tutaingiza ikishapoa.

— Huwezi kutia chuma kwenye taya ya chini. Gego la chini lina mshipa unaoshuka mpaka goti. Ndiyo maana watu wanaokuja kwa ajili ya meno wanatoka wanachechemea.

— Wanachechemea kwa sababu wodi ya mifupa inatumia geti hilo hilo, nilisema.

— Wewe chonga funguo.

— Na goti likiguswa? Sofa aliuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza kweli.

— Likiguswa goti, mshipa unarudi juu kutafuta jino. Haulioni. Unapitiliza hadi kwenye jicho. Mtu anaanza kusahau. Kwanza anasahau majina, halafu njia ya kwenda kwake.

— Hapo ndipo mkewe atakapopata ushahidi, Chuma alisema. Hali nyumbani, halafu harudi nyumbani.

Niseme ukweli, nilikuwa nafurahi. Kahawa ilikuwa nzuri, hakuna mteja aliyenijia, na gego la mwenzetu lilikuwa limeshafika kwenye jicho kabla ya saa nne. Nilikuwa nimeanza kufikiria lipite wapi tena, pengine kwenye sikio, ili nami nipate sehemu yangu. Sofa alikuwa anamtazama kila anayesema, akijaribu kuchukua mawili matatu ya kwenda nayo kwa daktari. Sidhani kama yalikuwa yanakaa pamoja kichwani mwake.

Ndipo sauti ya kike ikatoka nyuma yetu.

— Hamjambo.

Alikuwa mke wa Sofa. Ni msusi, na alikuwa ameacha kichwa cha mtu katikati, maana kitana kilikuwa bado kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Mkononi alishika bakuli lenye kifuniko.

— Hatujambo shemeji, karibu, tulijibu kwa pamoja, kwa adabu ambayo benchi hilo haliijui.

— Nimekuja kuona anakokula mume wangu.

Akatutazama. Akamtazama Mjomba na birika lake, akamtazama Chuma na masizi yake usoni, akatazama mpaka mlango wa kibanda changu, ambamo hamna nafasi ya kuficha hata ndoo. Nilimwona anavyotafuta mwanamke na kukuta sisi. Nadhani ilimchanganya zaidi.

— Shemeji, huyu hali popote, Chuma alisema. Mimi shahidi.

— Kitaalamu hawezi kula, Daktari wa Geti aliongeza, akidhani anasaidia.

— Hawezi kwa nini?

Daktari wa Geti akagundua kwamba kamba ya kiatu chake inahitaji kufungwa. Sofa alikuwa amekaza midomo kama ana misumari ndani.

Mkewe aliweka bakuli juu ya benchi. Akamsogelea mumewe, akamshika kidevu, akakigeuza kuelekea mwangaza vile wasusi wanavyokigeuza kichwa cha mteja, bila kuomba ruhusa.

— Fungua mdomo.

Akafungua. Nasi tukainama kuangalia, na ndipo nilipotambua kwamba tumelijadili gego hilo asubuhi nzima bila hata mmoja wetu kuomba kuliona pengo. Kwa yale tuliyoyasema nilitarajia kuona pango. Palikuwa na sehemu ndogo ya ufizi, nyekundu kidogo, imeanza kujifunga. Basi.

Alitazama kwa muda mrefu. Nilisubiri lile "nilikwambia" ambalo Sofa alikuwa analiogopa, na naapa hata mimi mabega yalinipanda. Hakulisema. Aliendelea kukishika kile kidevu, akatugeukia sisi.

— Linamuuma?

Tukatazamana. Tulijua lingepita kwenye goti, tulijua lingefika kwenye jicho, tulijua gololi ya kulizibia ilikuwa kwenye kopo gani. Hilo hatukulijua. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kuangalia chini.

— Nawauliza nyinyi, mnakaa naye. Linamuuma?

Mwishowe aliachia kidevu, na Sofa akajibu mwenyewe.

— Sasa haliumi. Ile wiki ya kwanza liliuma. Usiku hasa.

— Usiku.

— Nilikuwa nalalia shavu jingine. Nimeelekea ukutani.

— Nilidhani umenichoka, mkewe alisema.

Alilisema polepole, mbele ya watu, na hakujali nani anasikia. Sofa akataka kumshika mkono, akakumbuka tupo, kisha akaushika hivyo hivyo.

— Niliona haya, alisema. Nilijiona nimezeeka.

— Umezeeka. Mimi nimekwambia nina shida na hilo?

— Daktari anataka jibu mchana huu. Niweke au niache.

— Twende wote. Nimuulize mimi.

Sofa akainuka. Mkewe akachukua bakuli lake, akatuaga vizuri kuliko tulivyostahili, na wakaondoka, mke akiwa upande wa lile shavu lenye pengo. Tuliwatazama mpaka walipokata kona.

— Mimi nilikuwa nakaribia kumuuliza kama linamuuma, Daktari wa Geti alisema.

Mjomba akamwonyesha kikombe chake. Kilikuwa kitupu.