Historia ya Delbert Haskew, Mvuvi wa Besi wa Siku za Mvua

Mchungaji, majirani, na ninyi wa klabu ya uvuvi mliokuja na makoti ya mvua kana kwamba hata leo kuna mashindano, dada yangu Nelda amenituma nisome historia ya mumewe, akaniambia, "Wendell, soma taratibu, na utani wako wa melini uuache nyumbani," nami nimekubali, maana nimechoka, sote tumechoka, na aliyechoka kuliko wote ni yeye aliyekaa pale mbele.

Delbert Haskew alizaliwa tarehe 11 Agosti 1951 katika mji wa Section, Alabama, akiwa mtoto wa tatu wa mkulima wa viazi, akasoma hapo hapo na kumaliza sekondari mwaka 1969, kwa alama ambazo familia imeona tusizitaje, kwa kuwa siku za mvua dawati lake lilikuwa tupu na kila mwalimu alijua aliko, yuko ziwani Guntersville akitafuta besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana, ambaye marehemu aliamini hadi mwisho kwamba mvua ikipiga maji huacha woga na kuja juu kula.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha soksi huko Fort Payne, akadumu hapo hadi kilipofungwa mwaka 2006, na wenzake walimpenda kwa sababu alitengeneza mashine bila kutukana mtu, isipokuwa akipangiwa zamu Jumamosi na mawingu yakawa yanajikusanya.

Tarehe 3 Juni 1972 alifunga ndoa na Nelda katika kanisa hili, akiwa amechelewa na amelowa hadi magotini, na baba yetu alimwuliza mlangoni, "Kijana, unaoa au unauza samaki?" naye akajibu, "Naoa, mzee, samaki nimewarudisha majini," na hilo ndilo lililomchosha dada yangu maisha yake yote, kwamba mume alileta nyumbani soksi mbichi, matope na mafua, lakini samaki wa kukaanga hakuleta, maana watu wa besi huvua, hupima, hupiga picha, kisha humwachia samaki aende zake, na kambare wa Ijumaa tulinunua dukani kama watu wa jangwani.

Walijaliwa binti mmoja, Carlene, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1975, ambaye alikua akijua kwamba ahadi za baba hutegemea utabiri wa hali ya hewa, na mimi shemeji yake, niliyepika maharage kwenye meli za mizigo kutoka Santos hadi Pusan, nilipandishwa boti yake mara moja tu nikiwa likizo, nikatapika juu ya maji yaliyotulia kama supu, kwa hiyo mambo ya ziwani nimeyatazama nikiwa nchi kavu.

Mwaka 2021 mapafu yake yalianza kukakamaa, akawa mtu wa mtungi wa oksijeni, na mwezi Machi mwaka huu madaktari walimwambia kwamba baridi na kulowa vitammaliza, akasema ameelewa, kisha akauliza kama Jumamosi ya mashindano, tarehe 6 Aprili, itanyesha, kwa sababu alitaka kitu kimoja tu, avue siku moja zaidi kwenye mvua.

Ijumaa jioni klabu ilikutana kuchota majina kutoka kwenye kofia, kama ifanyavyo, ambapo anayechota jina lako ndiye anayekupeleka na kukurudisha, na wanaume hawa, kwa upendo, nasema kwa upendo, hawakulitia jina lake, hivyo alikaa na mpira wa oksijeni puani hadi kofia ikaisha, akasema, "Hebu ikung'uteni, huenda nimenasa kwenye kitambaa," asicheke mtu, na mwenyekiti Buford akasema, "Delbert, sitaki kumpelekea Nelda maiti," ndipo Nelda, aliyekuwa mlangoni akisubiri kumrudisha nyumbani, ambaye hakuwahi kukanyaga boti ile, akasema, "Mwenye kuletewa ni mimi, Buford, basi nitamfuata huko huko, andika jina langu."

Usiku kucha ilinyesha, na Delbert alikuwa amekiondoa kizibo cha tundu la nyuma ya boti iliyokuwa uani, ili maji ya mvua yasijae humo, kama mnavyofanya ninyi wenye boti, na asubuhi yeye aliyewacheka wenzake miaka yote kwa kusahau kukirudisha, akasahau, na hawajafika mbali sisi tuliobaki ufukweni tukamsikia dada yangu, "Delbert, hii boti inakunywa," naye kwa sauti ya kukatika, "Kizibo kiko mfukoni kwangu, mama, wewe ongeza moto, ukienda kasi maji yatatoka kwa tundu hilo hilo," na Nelda, ambaye huendesha gari la kanisani kama anasindikiza maiti, akausukuma mkono wa injini, boti ikainua pua na kuingia mvuani ikijimwaga nyuma, hadi alipofika kwenye kina kifupi akakitoa kizibo mfukoni mwa mumewe, akainama akaziba.

Mengine nimeyapata kwa dada yangu, kwamba kwenye nguzo za daraja mvua ilizidi na besi wakala kama alivyohubiri siku zote, tangi la boti, lile la kuwekea samaki wakiwa hai, likajaa samaki wa kushinda mashindano, naye Nelda aliketi ameupa upepo mgongo, anatetemeka, akiwa ameshaamua kwamba hatakuwa yeye wa kumwomba warudi, kisha Delbert akamtazama, akaweka fimbo ya kuvulia chini, akafungua tangi, akawaachia samaki mmoja mmoja kabla hawajapimwa, akasema, "Midomo yako imekuwa ya bluu, twende nyumbani," Nelda akamwambia, "Lakini bado wanakula," naye akajibu, "Waache wale."

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 23 Aprili 2024, alfajiri, nje kukiwa kukavu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, klabu, ambayo Nelda anasema imesamehewa ile kofia, na majirani waliotukatia nyasi na kuleta kuku na mikate ya mahindi, ambao pia anawaomba kwa heshima kesho wasibishe hodi, anataka kulala.

Nawe Delbert, kapumzike kwa amani yako, sisi tunampeleka dada yangu nyumbani.