Wiki Tano za Supu kwa Anshel Wolpin

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu ikikwama mnivumilie. Naogopa. Miaka kumi na tisa nakaa mbele ya kipaza sauti hiki, na sijawahi kukiogopa kama leo.

Anshel Wolpin amefariki. Alifariki Jumatatu asubuhi, tukamzika jana. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Watu wa Bronx mnamjua: Anshel wa deli ya kona, duka letu la Kiyahudi la vyakula, mkata pastrami, ile nyama ya ng'ombe ya chumvi, pilipili na moshi. Kwa miaka hamsini na minne alisimama nyuma ya kaunta ileile akikata nyama kwa mkono. Mashine hakutaka hata kuisikia. Kipande cha kwanza alikupa kwa ncha ya kisu, ukakila umesimama, naye akikutazama usoni mpaka umeze. Ukikunja uso, alikuita mjinga mbele ya watu.

Wateja wake wa kila siku tulikuwa na meza yetu. Pesha Lubarsky, fundi cherehani mstaafu, mwanamke mwenye ulimi mkali. Manny Zelnik, aliyekuwa dereva wa teksi. Na mimi.

Mwaka jana, sikukuu zetu zilipopita, mkono wa Anshel ulianza kutetemeka. Akajikata kidole. Akajikata tena, akashonwa nyuzi sita. Mwanawe Ira akaja kutoka New Jersey, akasimama katikati ya deli, akasema: "Baba akijikata mara ya tatu, nauza." Na mnunuzi alikuwepo tayari, mtu wa maduka ya simu.

Tuliogopa, wasikilizaji wapendwa. Deli ile ndiyo nyumba yetu. Pesha akatuita pembeni.

"Sikilizeni, nyie wazee. Kuanzia leo hakuna pastrami. Asipokata, hajikati. Asipojikata, deli haiuzwi."

"Sasa nile nini?" Manny akauliza.

"Supu."

"Kila siku?"

"Kwani umeoa nyama? Supu!"

Akapitisha neno meza kwa meza. Wateja wote wa zamani wakakubali. Wiki tano tukala supu ya mipira ya matza, ule mkate wetu usiotiwa hamira, na Manny akala akinung'unika. Anshel hatukumwambia kitu. Mtu mwenye fahari kama ile, utamwambiaje kwamba mkono wake unatutisha?

Alhamisi ya wiki ya tano Ira akaja kukagua. Akafunua sufuria ya mvuke. Kidari kizima cha pastrami kilikuwa mle, hakijaguswa. Akafunua ya pili, hivyohivyo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Baba," akasema taratibu, "watu wako hawaitaki tena. Tuache tu."

Anshel akatoka nyuma ya kaunta, akaja mezani kwetu.

"Pesha, nyama yangu ina nini?"

"Daktari, Anshel. Kanikataza chumvi."

"Manny?"

"Mimi pia. Daktari."

Akanigeukia. "Na wewe wa redio? Daktari huyohuyo?"

Ira alikuwa nyuma yake, anasikiliza. Niliona nikisema kweli, deli imekwisha palepale. Nikasema, "Ndiyo, Anshel. Chumvi."

Akavua aproni. Ilikuwa saa nane mchana, naye hajawahi kuondoka kabla ya kufunga. Ira akafunga mlango, na haujafunguliwa tena. Wiki mbili baadaye moyo wa Anshel ukasimama.

Jana jioni nilikwenda kwa wafiwa. Kwetu mgeni hasemi kwanza. Unakaa, unangoja mfiwa afungue kinywa. Nilishukuru kwa hilo. Lakini mjane wake, Bi Fruma, akafungua.

"Wiki mbili nzima mume wangu alikuwa akipika nyama jikoni kwangu. 'Onja, Fruma. Pilipili imezidi? Kitunguu saumu? Nimekosea wapi?' Nyie mlikaa naye kila siku. Niambie, ile nyama ilikuwa na nini?"

Ira alikuwa kwenye kigoda pembeni yake, akinitazama. Nikasema pole. Nikatoka. Niliogopa, wasikilizaji wapendwa, na hiyo ndiyo kweli yenyewe.

Bi Fruma, Ira, na jamaa wote wa Wolpin, poleni sana. Mungu awafariji pamoja na wote wanaoomboleza. Na jibu nililokunyima jana, Bi Fruma, ni hili: haikuwa na kitu. Hakukosea popote. Hakuna daktari aliyemkataza yeyote kati yetu. Tuliogopa mkono wake, tukamwacha adhani ni nyama. Pesha amelia, Manny amelia, nami nasema mbele ya mtaa mzima kwamba nilimdanganya nikimtazama machoni.

Nawe unayenisikiliza, kama kuna mzee unayemficha jambo kwa sababu unampenda, kaa naye leo. Muulize yeye mwenyewe anauelewaje ukimya wako.

Ira, najua siku saba za maombolezo zinaisha Jumatatu, na mnunuzi atakuja na karatasi zake. Sijui utanitazamaje tukikutana. Labda hutanitazama kabisa. Lakini baba yako amekufa akidhani hatuitaki nyama yake. Uza kwa sababu umechoka. Uza kwa sababu uko mbali, au kwa sababu sisi ni wazee waongo. Kwa sababu hiyo moja tu, kwamba hatukuitaka nyama yake, Ira, usiuze.