Mgomba Uliovishwa Blanketi

Ubavuni mwa duka la Bi Geum-rye, pale kichochoro kinapokata kona kuelekea kwa daktari wa meno, pana benchi pana la mbao ambalo halijawahi kukosa maneno. Mwezi wa kumi na moja umeshaingia, mji mzima wa Daegu, hapa Korea Kusini, unatia kabichi chumvi kwa ajili ya kimchi, achari ya kabichi ya kulia majira ya baridi, na magunia ya majani yaliyochambuliwa yamepangwa kando ya njia yakisubiri lori la taka. Ungedhani baridi ingewarudisha watu ndani. Wapi. Wenye benchi lao wanavaa makoti mawili mawili, wanakumbatia vikombe vya karatasi vya kahawa ya pakiti, tamu kuliko dawa ya kikohozi, na wanabisha. Siku hiyo walibishania mgomba wa Mzee Pyo, uliokuwa ng'ambo ya kichochoro, ndani ya lango lililoachwa wazi.

Mzee Pyo walimbandika jina la Baba Ndizi tangu kiangazi, mgomba wake ulipotoa mkungu, jambo ambalo mtaa ule haukuwahi kuliona. Ndizi zenyewe hazikuzidi kidole gumba na hakuna aliyethubutu kuzila, lakini watu walitoka mitaa ya mbali kuja kupiga picha. Aliyekosa kuuona ni mwenye nao. Mgomba aliupanda Sun-deok, mke wa Pyo, na wakati mkungu unatoka yeye alikuwa hospitali, amelazwa kwa kiharusi. Pyo alimpelekea picha. Mama wa watu akaitazama wee, kisha akasema picha haina harufu. Ndipo Pyo akamwahidi kwamba kiangazi kijacho atamleta kwa kiti cha magurudumu, akae chini yake, auone ukizaa. Sun-deok, ambaye hakuwa amecheka tangu augue, akacheka. Tangu siku ile Pyo hakuwa na adui mwingine duniani ila baridi.

— Leo usiku maji yataganda, alisema Pyo pale benchini. Nimeufunga mabua ya mpunga, juu yake blanketi. Mnaonaje, inatosha?

— Blanketi gani? aliuliza Injinia.

— Lile la harusi yetu.

Injinia akashusha kikombe kwa heshima ya blanketi.

Injinia jina lake ni Tak. Maisha yake yote alitandaza mabomba ya maji moto chini ya sakafu za watu, na hakuna tatizo analolitazama asilione bomba ndani yake. Alieleza kwamba baridi haishuki, baridi inapanda. Mtu akilala sakafu ikiwa na moto, hata paa likiwa na tundu atakoroma mpaka asubuhi. Basi litolewe bomba chumbani kwa Pyo, lipite chini ya ukuta, lizunguke mzizi, mambo kwisha.

— Na mimi nilale wapi, bomba likienda kwa mgomba? aliuliza Pyo.

— Si una blanketi la harusi? Ulivue kule ulirudishe kwako.

Kapteni alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti. Huyu hajawahi kuwa kapteni wa kitu chochote. Jeshini aliendesha lori la jikoni huko mpakani kaskazini, na kwa maneno yake alikula baridi ambayo watu wa Daegu hawawezi hata kuiota. Yeye dawa yake ilikuwa soju, ile pombe kali ya Kikorea.

— Sikia, kaka. Maji yanaganda. Soju haigandi. Mgomba ni nini? Ni maji yamesimama. Sasa wewe mwagilia chupa moja kila jioni, uone kama utaganda.

— Mgomba ukilewa ukaangukia ukuta wangu nitakuita wewe uunyanyue, alisema Bi Geum-rye, aliyekuwa akipitisha birika.

Naye, maadamu keshafungua mdomo, akatoa lake. Friji yake ya kimchi, alisema, haishuki chini ya sifuri hata siku moja, ndiyo maana kabichi haigandi. Huko nje usiku patakuwa chini ya sifuri. Sasa wenye akili wamwambie, wapi kuna joto? Wazee wakaitafuta kasoro ya hesabu hiyo wasiipate. Injinia akajikaza akauliza kitu kirefu kama kile kitaingiaje ndani ya friji. Bi Geum-rye akajibu kwamba na kabichi nayo hailali imesimama.

Usicheke, Pyo aliifikiria ile friji. Aliifikiria kwa dhati, akaipima kwa macho kupitia mlango wa duka. Mtu anayeogopa kufiwa na kitu hachagui mganga.

Kapteni alikuwa amenyanyuka kunyoosha goti, akachungulia langoni. Akaona shinani mwa mgomba pameota vigomba vingine vidogo vidogo, vinene, vimesimama wima. Akauliza hivi navyo ni vya nani. Pyo akasema vilitoka wakati mkungu unakomaa.

— Ahaa, alisema Injinia. Ndio wanyonyaji hao. Mama anapigana na baridi, wao wako chini wanamfyonza.

— Lakini mbona wana afya kuliko mama? aliuliza Pyo.

— Si ndiyo ushahidi wenyewe? Hiyo afya wameitoa wapi?

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lichongwe, wote walikubaliana. Hata Bi Geum-rye alitikisa kichwa kuunga mkono. Pyo alisitasita, maana mkewe alikuwa haviondoi, ila alikuwa peke yake na wao walikuwa watatu. Kapteni akaleta sululu na mundu. Wakavichimbua hadi mzizi, wakavikatakata ili vienee, wakavisukumia ndani ya gunia la majani ya kabichi. Lori la taka likapita muda si mrefu, likabeba magunia yote ya kichochoro. Pyo akafunga upya kamba ya blanketi, akarudi na matope mikononi, na moyo wake ukawa mwepesi. Aliona kweli amefanya jambo. Alimwambia Bi Geum-rye kwamba kesho atakwenda hospitali kumpa Sun-deok habari.

Bado wanapongezana, akaja Thoa. Ni mke wa mpwa wa Bi Geum-rye, ameolewa toka Vietnam juzijuzi tu, na siku hiyo alitumwa chumvi. Lugha ya pale alikuwa akiipima neno kwa neno kabla ya kulitoa. Alisalimia kwa kuinama, kisha akatazama langoni.

— Babu, pale nani anaumwa?

Kapteni akamweleza kwamba si mgonjwa, ni mgomba. Thoa akaziba mdomo kwa mkono, lakini macho yalikuwa yanacheka. Kwao migomba iko nyuma ya kila jiko na hakuna anayeivisha hata leso. Alisogea, akaushika pale blanketi lilipoishia, akaukagua kwa hamu, kama mtu aliyekutana na jirani wa nyumbani ugenini.

— Umeshazaa?

— Umezaa, alisema Pyo, na mgongo wake ukanyooka. Mkungu mzima.

— Sasa mbona umeuvisha huu?

— Ili uzae tena.

Thoa akamtazama kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi, akaeleza taratibu, kwa adabu. Uliokwisha kuzaa hauzai tena. Huo kazi yake imekwisha, uvishwe usivishwe utakufa. Kwao huukata. Wanaozaa baadaye ni watoto wanaotoka shinani, na hao ndio wa kufunikwa.

Injinia aliangalia ndani ya kikombe chake kitupu. Bi Geum-rye aliliweka birika chini.

Thoa akachuchumaa, akapekua mabua pale chini, akapapasa udongo mbichi uliochimbuliwa.

— Watoto wako wapi?

Pyo aliyatazama matope mikononi mwake. Alikuwa anauona uso wa Sun-deok, ule wa siku ile alipocheka.

Thoa aliwatazama mmoja mmoja. Akaona lugha ndiyo imemshinda, amesema vibaya, wazee hawakumwelewa. Akasimama, akainama kuomba radhi, akauliza tena, polepole zaidi, akilitamka kila neno peke yake:

— Watoto wa mgomba, babu. Mmewaweka wapi?