Gusa Chuma Kwanza

Ndugu waombolezaji, baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Gusa Chuma, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba ya nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa tatu wa karani wa mizigo, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akahitimu ufundi redio mwaka 1973, akaajiriwa kiwandani, na mwaka 1982 akafungua kibanda chake kando ya soko, kile chenye mlango wa bluu ambao haukuwahi kufunga sawasawa.

Tarehe 10 Desemba 1977 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, mwenye masikio mazito tangu utotoni, wakajaliwa watoto watatu.

Julai 1984, baridi ikiwa kavu, kifaa cha mama cha kusikilizia kilikatika waya, na baba, kwa haraka zake, akakaa kukilehemu akiwa amevaa sweta lake la sufu, bila kuvaa ule mkanda wa mkononi wenye waya wa kupeleka ardhini umeme unaojikusanya mwilini, cheche ikaruka kidoleni, kifaa kikafa, na mama akakaa miezi bila kusikia, akayakosa maneno ya kwanza ya kitinda mimba wake, ambaye ndiye anayewasomea haya. Baba akawa anampazia maneno hayo sikioni, mtaa mzima ukajua kwamba leo mtoto kasema maji. Mama hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Tangu hapo hakushika redio, simu wala mtoto mchanga kabla ya kugusa chuma, wateja nao walishikishwa nondo za dirisha kwanza, na siku ya harusi ya dada yetu alisimama kupapasa geti, wakwe wakaangaliana, wakadhani ni dawa. Jamani, tulicheka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akalazwa Aprili 2023, na kila mama alipofika, baba aligusa ukingo wa chuma wa kitanda, ndipo akampa mkono. Jumanne, tarehe 16 Mei, mkono haukuufikia tena ukingo, ukawa unapapasa shuka tu, mama akaelewa, akakishika yeye kile chuma, akamwambia, "Nimeshagusa, nipe mkono." Akampa, na saa nne asubuhi akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, mafundi mliofunga vibanda vyenu leo, na wateja ambao hamjaulizia redio zenu.

Pumzika kwa amani, Baba, mama anasikia.